Kiangazi ng'ombe wako wa maziwa wanakula nini? Wafugaji tupeane uzoefu

Wadau habari za saa hizi. Nafugia bandani huku Hai, Kilimanjaro, na kila mwaka kuanzia Agosti ni kilio kilekile: mabua yanapanda na Canter kutoka tambarare, bei inapaa, asiye na hela anakatia ng'ombe migomba. Mgomba ni maji matupu jamani, ng'ombe anashiba tumbo ila maziwa yanashuka na mgongo unatoka. Msimamo wangu ni kwamba chakula cha Septemba kinatafutwa Mei, wakati matembo (majani ya tembo) yamejaa na tunayaacha yakomae mpaka yanakuwa miti.

Mimi natengeneza sileji, yaani majani mabichi yanayokatwakatwa na kuchachushwa bila hewa, kwenye mapipa ya plastiki ya lita 200. Nakata matembo yakiwa yamepita mita moja kidogo, nayaacha yanyauke nusu siku, chopa (mashine ya kukatia majani) inakata vipande vya sentimita 2 mpaka 3, nanyunyizia molasi iliyochanganywa na maji, halafu tabaka kwa tabaka nakanyaga, na hapo kwenye kukanyaga ndo kila kitu maana hewa ikibaki inaoza. Ukibonyeza kwa ngumi na haizami, funga. Wiki nne hivi unafungua, iwe kijani cha kuelekea njano, harufu ya uchachu mzuri kama togwa. Ukiona ukungu ile sehemu toa tupa usimuonee huruma mtu. Na walishe baada ya kukamua, maziwa yanashika harufu haraka sana.

Nyie mnafanyaje? Karibuni.

Mdau wa Njombe:
Mkuu huku sisi ni mahindi. Watu wanavuna kwanza halafu wanakatakata mabua makavu wanaita sileji, hapana, yale ni mabua tu. Sileji ya mahindi unakata mmea mzima na hindi lake. Minya punje kwa kucha, ikiruka maziwa bado, ikiwa ngumu kabisa umechelewa, unataka ile ya katikati inayotoa kama unga mbichi. Najua inauma kukata mahindi ambayo ungekula ugali, mama watoto alininunia, ila ng'ombe ndo analipa ada hapa nyumbani.

Mdau wa Kibaha:
Kwa joto la Pwani mi nimebaki kwenye hei, yaani majani ya kukausha. Nyasi ya Rhodes inapoanza kutoa maua nakata, jua linakausha huku nageuza, nashindilia kwenye boksi la mbao nafunga kamba, robota limetoka. Yanakaa juu ya mbao, siyo sakafuni. Ambaye hana shamba, shamba la malisho la serikali la Vikuge huku Kibaha wanauza hei na mbegu za malisho.

Mdau wa Lushoto:
Naomba niongeze la kupe maana linaendana na majani. Mtamba wangu hajawahi kutoka bandani tangu azaliwe, akapata ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Matezi chini ya sikio yamevimba, homa inasoma 41, hataki kula, anahema kwa shida. Majani yalikuwa yanakatwa kando ya njia wanapopita ng'ombe wa kuchungwa, kupe wamekuja na mzigo kichwani! Daktari aliwahi kumchoma dawa ya buparvakwoni akapona, wengi hawaponi kwa sababu mwenyewe anasubiri kesho. Ndama waliofuata wote wamechanjwa dhidi ya ndigana kali, wana hereni masikioni za kuonyesha hivyo. Lakini usiache kuogesha ukidhani chanjo imemaliza, ndigana baridi na ule wa kukojoa damu haizuii.

Mdau wa Bungoma:
Huku kwetu shida ni ugonjwa wa nepia (hayo matembo yenu), ule wa kudumaa. Ukikata inachipuka fupi, imejaa vijani vidogo vya manjano, na kila ukikata inazidi kuwa mbaya mpaka shina linakufa. Mzee wangu ukiona hivyo usikate tu, ng'oa na mizizi, na vipande vya kupanda usiombe kwa jirani kabla hujaingia kwa shamba lake ukaona kwa macho yako. Mimi sehemu iliyoisha nimeweka nyasi ya brakiaria, inaenda poa.

Mdau wa Singida:
Wanaolima mtama kuweni makini na machipukizi baada ya kuvuna. Yakiwa machanga na jua limepiga yana sumu, nimeshuhudia ng'ombe wa jirani wameingia asubuhi, ndani ya muda mfupi wanahema juu juu, povu, wanaanguka. Roho iliniuma sana. Acha upite kiuno ndo ulishe.

Mdau wa Rungwe:
Mleta mada shikamoo, hilo pipa moja linamtosha ng'ombe muda gani?

Mleta mada:
Marahaba. Ukikanyaga vizuri linaingia kilo 100 na kidogo. Ng'ombe mmoja kama unampa kilo 15 mpaka 20 kwa siku, na hei au mabua pembeni, pumba na mashudu wakati wa kukamua, pipa halimalizi wiki. Kwa miezi mitatu ya ukame unaongelea tani moja na nusu kwa kichwa kimoja, kwa hiyo ukiwa na ng'ombe wawili na kuendelea achana na mapipa, chimba shimo penye mteremko maji yasituame, tandika nailoni nzito, jaza, kanyaga, funika na udongo juu. Kama una eneo nitumie vipimo vya shamba lako la matembo tukokotoe.