Bonds aingie au asiingie?

UKOO WA BIBI MWANAHAWA 🌴
Jumatatu, 8 Desemba 2025

[03:52] Mjomba Idi (Oakland): Assalaam aleikum ukoo. Najua huko mmelala. Matokeo ya Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli, kule wanakoenziwa wachezaji bora wa Marekani, yametoka sasa hivi. Bonds amekosa tena. Kamati ya watu 16, zilitakiwa kura 12, hakufikisha hata 5. Aliyepita ni Jeff Kent peke yake, kura 14. Chakula hakipiti kooni.

[05:24] Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam kaka. Nimetoka kuswali nikaona ujumbe wa usiku wa manane, nikadhani kuna msiba. Bonds ni nani?

[05:29] Mjomba Idi: Nisamehe dada, nimekutia hofu. Ni Barry Bonds, mcheza besiboli wa San Francisco Giants. Nilifika huku mwaka 2000, mwaka ule ule walipofungua uwanja mpya kando ya ghuba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuegesha magari ya watazamaji. Sikuwa na hela ya tiketi wala sikuujua mchezo, lakini nikisikia umma umelipuka mle ndani nilijua ni yeye. Kuna watu walikuwa wakikaa kwenye vimashua majini wakingoja mipira yake. Mara 35 aliupiga mpira ukavuka ukuta ukatumbukia baharini.

[05:47] Yusufu (Mombasa): Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Pole mjomba. Lakini kwa heshima zote, ningekuwa kwenye kamati hiyo hata mimi ningemnyima.

[05:48] Mjomba Idi: Marahaba. Mnyime, ila unipe sababu.

[05:51] Yusufu: Sababu ni dawa za kusisimua misuli. Mtu tangu aanze ligi 1986 hajawahi kufikisha homurani 50 kwa msimu, halafu 2001, anatimiza miaka 37, anapiga 73! Rekodi mpaka leo. Mimi nafundisha michezo, najua mwili wa miaka 37 unavyokuwa. Na mkufunzi wake binafsi alikuwa mmoja wa waliokutwa na hatia kwenye kesi ya BALCO, ile maabara iliyosambaza dawa hizo.

[05:53] Shangazi Zuhura: Homurani ndiyo nini?

[05:55] Latifa (New Jersey): Shikamoo mama. Ni pale mpigaji anapoupiga mpira ukatoka kabisa nje ya uwanja. Anazunguka besi zote nne, yaani vituo vya kukimbilia, bila kukimbizwa na mtu. Bonds alipiga 762 maishani, hakuna aliyemfikia katika ligi kuu ya Marekani.

[06:02] Mjomba Idi: Yusufu, nisikilize. Sitakwambia hakutumia. Alipoitwa mbele ya jopo la uchunguzi 2003 alisema alipaka na kumeza vitu bila kujua ni nini, akidhani ni mafuta ya mbegu za kitani na dawa ya viungo. Mimi mwenyewe siliamini hilo. Lakini hata wanaomshutumu wanasema alianza baada ya msimu wa 1998. Sasa hesabu mpaka hapo: homurani 411, besi 445 za kuiba, yaani kuwahi besi inayofuata bila mpira kupigwa, tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara 3, glavu ya dhahabu ya ulinzi bora uwanjani mara 8. Angestaafu siku ile angeingia Cooperstown, mji ulipo Ukumbi huo, mlango ukiwa wazi.

[06:04] Mjomba Idi: Na mwaka huo huo wa 1998, mwezi Mei, wakicheza na Arizona, lilitokea jambo. Arizona wanaongoza 8 kwa 6, ni duru ya mwisho, besi zote tatu zina wakimbiaji wa Giants, anakuja Bonds na gongo lake. Kocha wa Arizona akaamuru apewe besi ya bure. Maana yake unawapa wapinzani pointi moja kwa mkono wako, inakuwa 8 kwa 7, ili tu huyu mtu asiupige mpira! Na wakashinda hivyo hivyo, kwa sababu mpira wa mpigaji aliyefuata ulidakwa. Mchezaji wa kuogopwa namna hiyo unamwita nani?

[06:06] Shangazi Zuhura: Subhanallah. Wamempa zawadi adui ili asiwapige?

[06:06] Mjomba Idi: Ndivyo dada. Alipewa besi za makusudi mara 688 katika maisha yake. Kwa mwaka 2004 peke yake ni 120.

[06:15] Latifa: Mjomba, uwezo wake haubishaniwi. Tatizo ni kanuni ya kura. Inasema mpiga kura aangalie rekodi, uwezo, uadilifu, uanamichezo, tabia na mchango kwa timu. Ndiyo maana waandishi wa habari, ambao ndio hupiga kura kabla ya kamati, walimnyima miaka 10 mfululizo. Alianza 2013 na asilimia 36, akamaliza 2022 na 66. Inatakiwa 75.

[06:19] Mjomba Idi: Na mwaka huo huo wa 2022 wakamwingiza David Ortiz, ambaye gazeti la New York Times liliandika 2009 kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliokutwa na dawa katika vipimo vya 2003. Kabla yake, 2017, kamati ikamwingiza Bud Selig, kamishna aliyeuongoza mchezo miaka yote hiyo ya dawa! Adhabu za vipimo zilianza 2004. Uwanja ukijaa na hela ikiingia, hakuna aliyeuliza kitu. Bosi kibao chake cha heshima kimo ukutani, mchezaji yuko nje. Hilo ndilo linaloniuma.

[06:21] Yusufu: Hoja ya Selig nakubali. Hiyo ni nzito. Ila jibu lake ni kumtoa Selig, siyo kumwingiza Bonds.

[06:40] Wifi Jepkemoi (Eldoret): Shikamoo mjomba, hamjambo wote. Naomba niseme kidogo, maana huku kwetu haya mambo tunayaishi. Mnakumbuka Rita Jeptoo? Alishinda marathoni ya Boston 2014, sisi tulilia kwa furaha. Baadaye akakutwa na EPO, dawa haramu ya kuongeza damu, akafungiwa, ushindi ukafutwa. Mshindi halali akawa Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyekimbia 2:19:59. Lakini siku yenyewe Deba aliingia wa pili. Taji alilipata kwenye karatasi, na pesa zake zilichelewa miaka mingi. Kijijini kwa mama kuna wasichana wanaoamka saa kumi alfajiri kukimbia bila kitu chochote mwilini. Mjomba, mimi nauliza tu: Deba wa Bonds ni nani?

[06:41] Latifa: Wifi 👏🏾

[06:58] Yusufu: Ni Hank Aaron. Alikuwa na rekodi ya 755. Alipokuwa akiikaribia rekodi ya nyota wa zamani Babe Ruth, mpaka akaivunja 1974, aliletewa barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa sababu ni Mweusi. Akavumilia. Halafu ipitwe kwa sindano?

[07:10] Mjomba Idi: Mkwe wangu, swali lako nimelizunguka sana nikiwa jikoni. Si Aaron peke yake. Wako pia warushaji mipira waliokuwa safi wakaonekana hawafai. Hao siwezi kuwarudishia kitu na sitajifanya naweza. Aaron mwenyewe, usiku wa tarehe 7 Agosti 2007 Bonds alipofikisha 756, alitokea kwenye skrini kubwa ya uwanja akampongeza. Nilikuwa nje pale. Nililia.

[07:14] Latifa: Na ule mpira wa 756 mnajua uliko? Mbunifu wa mavazi Marc Ecko aliununua kwa zaidi ya dola 750,000, akawaachia watu wapige kura mtandaoni. Wakaamua upigwe chapa ya kinyota, alama ya doa, kisha upelekwe Cooperstown. Uko huko.

[07:31] Shangazi Zuhura: Nimemsomea Bibi yote. Anauliza: mpira umeingia, mwenye mpira kazuiwa?

[07:32] Mjomba Idi: Mwambie mama ndiyo. Nikijaliwa kuwa na kura, ningemweka na kibao chake kiandikwe yote: 762, na maabara, na mahakama, na kwamba hukumu ya 2011 ya kuzuia haki, kwa majibu yake mbele ya jopo lile, ilifutwa 2015. Mtoto akisoma ajue kisa kizima.

[07:35] Yusufu: Kibao cha namna hiyo, mjomba, ningekifikiria. Cha sifa tupu, hapana.

[07:36] Wifi Jepkemoi: Mimi bado nasema hapana, mnisamehe.

[07:37] Mjomba Idi: Huna kosa mama.

[07:44] Shangazi Zuhura: Bibi anauliza tena. Huyo mtu yu hai? Atapewa nafasi nyingine?

[07:46] Latifa: Yu hai, ana miaka 61. Kwa kanuni mpya, aliyekosa hata kura 5 hapigiwi tena mpaka 2031. Akikosa hivyo tena, basi, jina halirudi.

[07:47] Mjomba Idi: Baba yake Bobby alifariki 2003. Willie Mays, baba yake wa ubatizo, 2024. Wote wameondoka kabla.

[07:52] Latifa: Mjomba, Julai nampeleka Harun Cooperstown. Tutoke wote? Nyumba yangu ina nafasi.

[07:59] Mjomba Idi: Nyinyi nendeni. Mkifika kwenye ule mpira nipigieni simu ya video, ila mwelekeze Harun aishike karibu, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri.