Vitz yangu inakunywa lita 5 kwa siku Uyole–Mbalizi na mafuta yamepanda, nifanyeje wakuu?

MamaWawili_Uyole

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu hasa nyie mnaoendesha huku Mbeya, maana nikimuuliza ndugu yangu wa Dar ananiambia fanya hivi fanya vile lakini yeye anaendesha kwenye tambarare na joto, huku kwetu ni mlima na baridi.

Mimi naishi Uyole, kazi iko Mbalizi. Saa 12 kasoro asubuhi natoka, nashusha watoto wawili shule maeneo ya Sae alafu naendelea mpaka kazini, kwenda na kurudi inakuja kama kilomita 45. Gari ni Vitz cc 1300, niliinunua kwa mtu mwaka juzi. Na tangu waanze kujenga njia nne kutoka Uyole mpaka Ifisi foleni ndo hivyo tena mnaijua, kuna siku natumia saa nzima na robo.

Zamani nikiweka elfu 50 nilikuwa naisahau wiki nzima. Sasa hivi naweka elfu 50 Jumatatu, Alhamisi asubuhi niko kwenye foleni pale Mafiati taa ya njano ya mafuta inawaka. Mwanangu mdogo ana miaka sita ameshaijua ile taa, akiiona tu anauliza "mama leo tutafika?" Nasema tutafika, lakini moyoni naogopa kweli, na mshahara ni ule ule.

Nimefikiria kuacha gari nipande Hiace, lakini mmoja ana pumu na baridi ya mwezi wa sita mpaka wa nane kumsimamisha kituoni alfajiri siwezi. Nimefikiria kuuza. Kuna kaka kazini ananiambia nikishuka mlima Iwambi niweke neutro (gia huru) niachie gari itembee yenyewe, mafuta hayaendi. Mwingine ananiambia ninunue madumu nijaze kabla EWURA (wale wanaodhibiti bei za mafuta) hawajatangaza bei. Mnasemaje? Nisaidieni bila kunificha.

fundi_soweto_mby

Dada pole sana. Usiuze gari kwanza.

Elfu 50 ikikupa lita 14 na nusu hivi, ukimaliza kwa siku tatu ina maana unaenda kama kilomita 9 kwa lita, na Vitz ya cc 1300 hata kwenye foleni yetu hii haitakiwi kuwa hapo, hiyo inatakiwa iende 12, 13 huko, ukitoka safari ndefu zaidi ya hapo. Kwa hiyo una matatizo mawili, bei imepanda na gari inaumwa. Bei hatuiwezi ila gari tunaiweza.

Naomba uniangalizie kitu kimoja kesho asubuhi. Ukiwasha gari kwenye dashibodi kuna taa ya bluu yenye alama ya kipimajoto, hiyo inamaanisha injini bado ya baridi. Angalia inazimika ukiwa umefika wapi. Kama unafika Sae bado inawaka, au inazimika alafu ukishuka mteremko inarudi kuwaka, mimi nakwambia kabla sijaiona hiyo gari, thamostati (kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) imetolewa.

Hili jambo linaniuma sana kwenye kazi yetu. Gari ikichemsha mara moja kuna mafundi wanafungua wanaitoa thamostati wanaitupa, wanamwambia mteja "sasa haitachemsha tena". Kweli haitachemsha, lakini maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifiki joto lake, na kompyuta ya gari inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi kama vile ndo umewasha. Dar unaweza usigundue haraka kwa sababu hewa yenyewe ya moto. Hapa tuko juu mita 1,700 hivi, Julai asubuhi kioo kina ukungu, gari isiyo na thamostati inatembea ya baridi kutoka Uyole mpaka Mbalizi. Tena ikikaa hivyo muda mrefu oili inaharibika na injini inakwisha mapema.

Cha pili pima, usikadirie kwa taa. Nenda sheli jaza mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha kilomita za trip kwenye sifuri, tembea wiki, rudi sheli ile ile na pampu ile ile ikiwezekana, jaza tena ikate, alafu chukua kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Najua full tank ni hela nyingi kwa mara moja ila bila hiyo namba kila mtu atakudanganya, na mimi pia. Na kabla hawajaanza kukujazia hakikisha pampu inasoma sifuri na risiti uchukue.

Cha tatu upepo. Fungua mlango wa dereva, pembeni kwenye bodi kuna kibandiko kimeandikwa tairi zijazwe ngapi. Vitz nyingi zinazokuja kwangu ukipima unakuta psi 20, 22, mtu anasema mbona tairi linaonekana zima. Tairi laini unaisukuma gari kama unasukuma toroli kwenye mchanga.

Na ukifika kazini pitisha mkono karibu na rimu zote nne, usiguse, sikilizia joto tu. Moja ikiwa ya moto kuliko zenzake breki inashika.

Dereva_Ipogolo

Kamwene kutoka Iringa. Mimi naomba nijibu hilo la neutro tu maana mengine fundi ameyamaliza.

Dada nakuomba kama mdogo wangu, USIWEKE NEUTRO IWAMBI. Nimeendesha lori miaka 17, nimepanda na kushuka mlima Kitonga sijui mara ngapi, na Iwambi pale nimeshuhudia mwenyewe lori limekosa breki linakuja nyuma linapiga honi mfululizo na mbele kuna bajaji na watu wanavuka, sitaki hata kuelezea yaliyotokea. Mtu anayeweka neutro kwenye mteremko anabaki na breki peke yake, na breki ukizikanyaga muda mrefu zinachemka zinalainika, unakanyaga mguu unazama gari inaenda.

Alafu hayo mafuta anayosema yanaokolewa hayapo. Hiyo stori ni ya magari ya kabureta ya enzi za wazee wetu. Vitz ni injekta. Ukiwa kwenye D na umeachia moto (pedeli ya mafuta) kabisa, gari inashuka kwa kusukumwa na matairi, kompyuta inafunga mafuta kwenye nozeli, hayaingii kabisa mpaka mzunguko wa injini ushuke karibu na sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa moto). Ukiweka N injini lazima ijiwashie yenyewe isizime kwa hiyo inatumia mafuta. Yani huyo kaka yako anakufundisha kutumia mafuta zaidi na kuhatarisha watoto kwa wakati mmoja.

Pa kuokolea ni kwenye kupanda. Usisubiri ufike kwenye mlima ndo ukanyage moto mpaka chini, chukua mwendo mapema ukiwa bado tambarare, panda na mguu uliotulia, usikimbizane na Hiace maana yeye anawahi abiria kituoni wewe unawahi nini. Kwenye foleni vile vile, watu wanaruka mbele mita kumi alafu breki, mita kumi breki, kila breki uliyokanyaga ni mafuta uliyoyalipia unayageuza joto. Acha nafasi mbele, tembea polepole bila kusimama. Watakuchomekea, waache wapite.

Kama ni auto yenye kitufe cha O/D pembeni ya gia angalia isiwe imeandika O/D OFF kwenye dashibodi, nimekuta watu wengi wanaendesha hivyo miezi hawajui, gari haiingii gia ya mwisho inanguruma tu barabara nzima.

Mwl_Tukuyu

Mama wawili pole, mi mwalimu niko Tukuyu nilikuwa na hali kama yako 2022 ile vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza, bei ilivyoruka nilikaa chini na mume wangu tukalia.

Hilo la madumu naomba ulifute kabisa. Jirani yetu aliweka petroli kwenye dumu la maji stoo, jiko la mkaa liko nje ya mlango, mvuke wa petroli hauonekani unatambaa chini. Nyumba iliokolewa ila yeye mikono mpaka leo haikunjuki vizuri. Ukiwa na watoto ndani, na mmoja ana pumu, hapana. Hata sheli hawaruhusiwi kukujazia kwenye madumu ya ovyo.

Unachoweza kufanya ni hiki, EWURA wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na inaanza kutumika siku hiyo hiyo kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo kama unasikia kwenye taarifa kwamba mafuta duniani yamepanda miezi iliyopita na dola nayo imepanda, jaza kwenye tenki lako la gari Jumanne. Kama yanashuka weka kidogo usubiri. Na watu wengi wanasahau bei kikomo ni dari, sheli inaruhusiwa kuuza chini ya hapo, mimi nimewahi kuona tofauti ya shilingi 30 kati ya sheli mbili zinazoangaliana. Sio hela nyingi lakini kwa mwezi ni mboga ya siku kadhaa.

Kilichotuokoa sisi ni kuchangiana. Tulikuwa walimu wanne shule moja, kila mtu na usafiri wake. Tukakaa tukapanga wiki ya fulani gari ya fulani, wengine tunachangia mafuta. Mwanzo ilikuwa ngumu, kuna mwenzetu alikuwa anatoka amechelewa kila siku tunamsubiri getini tumenuna, tukawekeana sheria saa 12:20 gari inaondoka. Ila iwe watu mnaofahamiana, ukianza kuokota abiria kituoni na kuwatoza nauli hiyo ni biashara, LATRA (wanaosimamia usafiri wa abiria) na trafiki watakusimamisha na bima yenyewe ikitokea ajali inakuwa shida.

Chunya_Kwetu

Ushauri wenu mzuri ila tusimwachie mama peke yake mzigo kama vile kosa ni lake. Mafuta yetu yanashuka bandari ya Dar yanakuja na lori kilomita 800 na kitu, ndo maana kila mwezi petroli Mbeya inakuwa juu ya Dar kwa shilingi mia na kitu, Chunya na Kyela ndo usiseme. Bomba la Tazama linapita huku huku kwetu toka Dar mpaka Ndola, kilomita 1,710, linapeleka dizeli Zambia, sisi tunaliangalia tu.

Na kodi nazo. Road license ilifutwa 2017 tukashangilia, ikawekwa shilingi 40 kwenye kila lita. 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini. Mimi sikatai barabara, natokea kijijini nazitaka, ila anayekaa kwenye foleni ya ujenzi saa nzima injini inaunguruma analipa kodi hiyo akiwa amesimama. Agosti 2022 petroli Dar ilifika 3,410 na hapo serikali ilikuwa imeshaweka ruzuku. Tuwe tunawauliza wabunge wetu haya mambo kipindi cha bajeti, sio tunakuja kulia sheli.

Kuhusu kufunga mfumo wa gesi kama wanavyofanya Dar, huku bado, utafunga alafu utajazia wapi.

MamaWawili_Uyole

Ndugu zangu nimerudi, zimepita siku kumi na tano, ndaga fijo (asanteni sana) wote.

Fundi, ile taa ya bluu niliiangalia asubuhi ile ile. Nimefika Sae inawaka. Nimeshusha watoto, nimeendelea, imezimika kwenye foleni, nashuka Iwambi ikawaka tena!! Nilitetemeka maana niliiona siku zote nikadhani ni urembo wa dashibodi. Kwanza nilipima kama ulivyosema, nilitumia hela ya mchezo kujaza full, kilomita 198 zikaingia lita 22. Tisa kamili kama ulivyotabiri.

Gereji wakafungua, thamostati hakuna, kitako kitupu. Fundi wa pale alinionyesha na tochi. Nikakumbuka aliyeniuzia alisema "ilichemshaga kidogo nikaitengeneza". Tumeweka thamostati na kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) badala ya maji ya bomba, pamoja na ufundi haikufika elfu 80. Upepo nao, matairi ya nyuma yalikuwa 21 na 23, kibandiko kinasema 32. Baada ya hapo taa inazimika kabla sijafika Nane Nane na hairudi.

Nimepima tena juzi, kilomita 232, lita 17.8. Ni 13 kwa lita. Nimerudia hesabu kwenye simu mara tatu.

Kaka wa Ipogolo, neutro siweki tena na huyo mwenzangu nimemsomesha maelezo yako, alibisha lakini jana nimemwona anashuka kwenye gia. Mwalimu, nimepata wenzangu wawili wa ofisini, mmoja yuko Ituha mwingine Nane Nane, tumeanza wiki hii, wananipa elfu kumi kumi kwa wiki na saa 12 kasoro dakika tano wako barabarani.

Alhamisi tumepita Mafiati taa ya njano haijawaka, mwanangu aliinamia dashibodi akaangalia muda mrefu alafu akalala.

Fundi swali moja, hiyo 32 niiache hivyo hivyo hata sasa nimepakia watu wazima watatu na watoto wawili?

fundi_soweto_mby

Safi sana dada, nimefurahi mno. Kwenye kibandiko angalia vizuri kama kuna namba nyingine ya gari iliyojaa, ifuate hiyo. Kama haipo ongeza mbili nyuma tu, na upime asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa la baridi.