Nimeulizwa mradi wangu wa programu huria uko "hatua gani ya ukomavu". Nijaze nini?

Fundi_Tarakimu (Morogoro)

Wakuu, salama?

Nina maktaba ndogo ya msimbo niliyoiweka GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kugawana msimbo, mwaka 2021. Kazi yake ni moja tu: unaipa tarakimu, inakurudishia maneno ya Kiswahili. Ukiingiza 47,300 inatoa "elfu arobaini na saba, mia tatu". Niliiandika kwa ajili ya stakabadhi za duka la pembejeo la shemeji yangu, pale chini panapotakiwa "kiasi kwa maneno". Mistari yake haifiki mia nne, na nusu yake ni majaribio.

Basi watu wakaanza kuichukua. Kuna jamaa wa SACCOS, kuna wa mfumo wa ada za shule, na wengine siwajui, naona tu idadi ya upakuaji ikipanda. Wiki iliyopita kampuni moja ya mifumo ya malipo ikanitumia fomu ya kurasa sita. Ya leseni nimejibu (MIT, ile inayomruhusu yeyote kutumia bure). Nimekwama ukurasa wa nne: "Mradi uko hatua gani ya ukomavu?" na "Eleza muundo wa utawala wa mradi na vigezo vya kufanya maamuzi."

Utawala gani jamani? Ni mimi na kompyuta yangu, umeme ukiwepo.

Nilitaka kuandika "umekomaa", maana hitilafu ya maana haijaripotiwa karibu mwaka mzima. Kisha nikakumbuka ya mwezi wa tatu. Mchangiaji mmoja alileta marekebisho: 25,000 isiandikwe tena "elfu ishirini na tano", iandikwe "ishirini na tano elfu", kwa sababu ile ya kwanza mtu anaweza kuisoma 20,005. Hoja ina mashiko kabisa. Nikaipokea saa tano usiku, nikatoa toleo, nikalala. Asubuhi nakuta jumbe kumi na moja. Stakabadhi za yule wa SACCOS zimebadilika lugha katikati ya mwezi, mhasibu wake anaapa kwamba mfumo umeingiliwa. Nikarudisha ya zamani bila kumwambia mtu kitu. Mchangiaji akanuna, sijamwona tena.

Sasa mradi wa namna hiyo umekomaa au haujakomaa? Naomba msaada, fomu inatakiwa Ijumaa.

kichwa_ngumu

Andika "umekomaa", tuma, kula hela. Hizo fomu anazisoma nani?

Fundi_Tarakimu

Hela gani mkuu? Nimekwambia leseni ni MIT.

Mzee_wa_Seva (Arusha)

Dada, au kaka, jina halisemi. Huyo muache.

Mimi nimehudumia mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa kwa miaka mingi, na neno "utawala" nilifundishwa na OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu hizo. Mradi ule ulianza 2004, na kufika 2006 ulikuwa unafanya kazi Eldoret na Rwanda. Kliniki haiwezi kuwaambia wagonjwa wa foleni ya asubuhi kwamba mwandishi wa programu amesafiri msibani. Kwa hiyo mapema sana wakalazimika kujiuliza: nani anaamua, na asipokuwepo nani anaamua?

Kuhusu hatua, hakuna ngazi moja ya dunia nzima. CNCF, taasisi inayoilea Kubernetes (programu ya kuendesha mifumo kwenye seva nyingi), ina tatu. Ya kwanza Sandbox, kisanduku cha mchanga: mtoto anajenga, anabomoa, hakuna hasara. Ya pili Incubating, kuatamia, kuku yuko juu ya mayai. Ya tatu Graduated, umehitimu. Kubernetes ndiyo iliyohitimu mwanzo, Machi 2018. Apache, taasisi nyingine inayolea programu huria, wana utaratibu wao: mradi mgeni unaingia Incubator, unapewa walezi, na ukitoka humo unakuwa mradi kamili wenye kamati yake.

Sasa sikiliza wanachouliza pale mlangoni. CNCF watataka kujua nani anautumia kwenye kazi halisi, kama mkaguzi wa nje ameuangalia usalama wake, na kama watunzaji wote wanalipwa mshahara na dirisha moja. Apache watatazama kama jumuiya inajiendesha bila kumtegemea mtu mmoja au kampuni moja, na kama leseni na haki za msimbo zimekaa sawa. Uzuri wa msimbo unakuja nyuma huko. Ndiyo maana maktaba yako inaweza kukosa hitilafu hata moja na bado ikawa changa, na kuna miradi yenye masuala maelfu kwenye orodha ambayo ilihitimu zamani.

Kwa mistari mia nne, hao wawili si saizi yako. Angalia beji ya OpenSSF, shirika la usalama wa programu huria. Haina malipo, unajijazia mwenyewe mtandaoni, na ina ngazi tatu: kupita, fedha, dhahabu. Ya kupita utaikaribia ndani ya wikendi moja: leseni iwepo, majaribio yawepo, pawe na mahali pa kuripoti tundu la usalama na anayeripoti ajibiwe ndani ya siku 14. Ya fedha ndiyo itakutoa jasho. Kuna kigezo pale, nakisema kwa maneno yangu: mtu yeyote mmoja akifa, akiugua au akichoka tu, mradi uweze ndani ya wiki moja kufungua na kufunga masuala, kupokea marekebisho na kutoa toleo jipya.

Nikuulize. Nywila ya npm, ghala watu wanakopakulia maktaba yako, anayo nani? Na zile tarakimu za uthibitisho zinaingia simu ipi? Ikichomolewa mfukoni leo jioni pale Msamvu, toleo la kesho anatoa nani?

Tuje kwenye saa tano usiku. Kama namba ya toleo lako inaanza na sifuri, kwa kanuni za SemVer, zile za kupanga namba za matoleo, hukukosa: sifuri maana yake lolote linaweza kubadilika muda wowote. Lakini mhasibu wa SACCOS ataijulia wapi SemVer? Apache, ili toleo litoke, wanataka angalau kura tatu za ndiyo kutoka kwa wanakamati, na ndiyo ziwe nyingi kuliko hapana. Kura huachwa wazi kwa kawaida si chini ya saa 72, ili aliyelala upande wa pili wa dunia aamke, asome, aseme. Kwako wewe hata mpiga kura pekee alikuwa anasinzia.

Huhitaji kamati. Andika ukurasa mmoja, uuweke ndani ya mradi, uite UTAWALA. Nani ana funguo. Mabadiliko yapi unapokea peke yako, kama kosa la herufi, na yapi yanasubiri siku tatu. Mkibishana, neno la mwisho la nani. Kuandika "neno la mwisho ni langu" si aibu. Lugha ya Python iliendeshwa hivyo na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, mpaka Julai 2018 alipong'atuka, na leo wana baraza la watu watano linalochaguliwa, na sheria yao ni kwamba wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Chukua na hilo: huyo wa pili usimtafute ofisini kwako. Mkifukuzwa siku moja mtaondoka na mradi.

kichwa_ngumu

Mzee, saa 72 kwa ajili ya neno "elfu"?

Mzee_wa_Seva (Arusha)

Mwambie hivyo mhasibu wa SACCOS.

Pwani_Msimbo (Mombasa)

Assalaam aleikum. Huyo mchangiaji aliyenuna ni mimi.

Sikununa, dada. Nilileta hoja, ikapokelewa usiku, asubuhi nakuta imeondolewa bila hata neno moja. Nikatafuta pa kuuliza sikupaona. Sehemu ya majadiliano umeifunga, na barua pepe kwenye ukurasa wa mradi ni ya chuo, inarudi. Nikasema basi, mwenye duka ameamua. Nikajitengenezea nakala yangu na ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Kwa hiyo tayari kuna maktaba mbili zinazohesabu tofauti, na kuna mtu huko siku moja atazichanganya katika mfumo mmoja.

Mzee kasema kweli, ila hili la mtu wa pili nataka kulitia chumvi kidogo. Mnakumbuka xz, mwaka 2024? Programu ya kubana mafaili, imo ndani ya Linux karibu zote. Mtunzaji wake alikuwa mmoja na kachoka. Akaja mtu anajiita Jia Tan, mpole, msaidizi, hana haraka. Kakaa zaidi ya miaka miwili akileta marekebisho mazuri, huku akaunti nyingine zikimsonga yule mtunzaji kwamba yuko polepole mno, aongeze mtunzaji. Akapewa mamlaka. Ndipo akapenyeza mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeufichua, Andres Freund, alikuwa akipima kitu kingine kabisa, akaona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, ndugu zangu! Mwingine angelaumu mtandao.

Sasa utasemaje, tubaki na mtu mmoja? La. Yule mmoja aliyechoka ndiye aliyekuwa tundu lenyewe. Lakini kumpa mtu uwezo wa kupokea marekebisho ni jambo moja, na kumpa uwezo wa kutoa toleo ni jambo jingine. Anza na la kwanza. La pili liwe na masharti yaliyoandikwa: amekaa muda gani, nani mwingine anamjua, na toleo lolote likitoka awepo wa pili aliyelitazama.

Fundi_Tarakimu

Ni dada, mzee, hujakosea.

Pwani, nimesoma nikaona haya. Sehemu ya majadiliano niliifunga 2022 kwa sababu ya watu waliokuwa wananiletea kazi zao za chuo niwafanyie, nikasahau kabisa. Nimeifungua sasa hivi. Barua pepe nayo nimebadilisha. Ule uamuzi wa kurudisha nilipaswa kuuandikia sababu, hata mistari miwili.

Jana usiku nimekaa na fomu. Kwenye "hatua ya ukomavu" nimeandika hivi:

"Mradi ni mchanga. Msimbo umetulia na unatumika kwenye mifumo ya fedha isiyopungua miwili tunayoifahamu, lakini una mtunzaji mmoja mwenye funguo zote. Toleo la sasa ni 0.9.4. Hatutatoa 1.0 kabla ya kuwa na mtunzaji wa pili asiye wa taasisi moja na wa kwanza. Mkiitumia leo, fungeni kwenye namba kamili ya toleo, msiache ijisasishe yenyewe."

Kwenye utawala nimewapa kiungo cha ukurasa wa UTAWALA. Una aya nne tu. Makosa ya herufi na majaribio mapya napokea siku hiyohiyo. Chochote kinachobadilisha maneno yanayotoka kwenye stakabadhi kinakaa wazi saa 72, na hakitoki katikati ya mwezi. Tukishindwa kukubaliana naamua mimi, ila lazima niandike sababu pale palepale hoja ilipoletwa. Toleo halitolewi baada ya saa tatu usiku. Hii ya mwisho sijaiona kwa Apache, nimejitungia.

Nakala ya funguo za dharura nimeiweka ndani ya bahasha, anayo shemeji mwenye duka. Hajui ni ya nini, anajua tu asiipoteze. Msicheke. Kwa wiki hii ndiye mpango wangu wa kile kigezo cha ngazi ya fedha.

Kampuni wamejibu leo asubuhi. Sikutegemea: wanasema kati ya fomu zote walizopokea hii ndiyo ya kwanza kukiri kwamba mtunzaji ni mmoja, na wanauliza kama fundi wao anaweza kuwa wa pili. Nimewaambia aanze kwa kuleta marekebisho kama watu wengine.

Na ile hoja ya 25,000 nimeifungua upya, kama chaguo: anayetaka mtindo mpya anauwasha mwenyewe, asiyetaka stakabadhi zake zinabaki zilivyo. Saa 72 zimeanza kuhesabika saa mbili usiku huu. Pwani, hoja ni yako, njoo uitetee. Laki nimeiacha ilivyokuwa: 250,000 itabaki "laki mbili na elfu hamsini" kwenye mitindo yote miwili.

Mzee_wa_Seva (Arusha)

Bahasha kwa shemeji! Nimeona hospitali kubwa isiyokuwa na hata hiyo.

Pwani_Msimbo (Mombasa)

Nimekwishafika, nimeandika kule. Nakala yangu nitaifuta chaguo hilo likitoka.

Ila hapo kwa laki napinga. Kama tumekubaliana idadi itangulie elfu, basi 250,000 ni "mia mbili na hamsini elfu", kanuni iwe moja. Laki nayo iwe chaguo. Sababu zangu nimeziweka kwenye hoja, ziko tatu, na saa 70 zimebaki.