Puzzle Quest ya DS: fumbo la kukamata linabakisha vito, na adui anapata zamu mfululizo

kobe_mzee
Wakuu, mchezo ni Puzzle Quest: Challenge of the Warlords, ile ya 2007 ya Nintendo DS, wa kupigana kwa kupanga vito vya aina moja vitatu au zaidi viondoke ubaoni. Mhusika ni Knight, levo ya 14. Jela imeshajengwa kwenye ngome, adui ameshapigwa mara tatu, kwa hiyo nafasi ya kumkamata imefunguka: ni fumbo ambalo vito vyote lazima viondoke ubaoni. Shida ni kwamba kila jaribio linaishia na vito viwili vitatu visivyoondoka. Kuna mbinu, au ni kubahatisha tu?
La pili: vitani adui akipanga vinne anapewa zamu nyingine, vinashuka vipya, anapata mafuvu (vito vinavyompunguzia mwenzake uhai), kwisha habari. Hili gemu linaiba?

hesabu_kwanza
Mkuu, kwenye kukamata hakuna bahati hata chembe. Havishuki vito vipya, na mpangilio wa adui yule ni uleule kila ukirudi. Chukua karatasi uuchore.

Kabla hujagusa kitu, hesabu kila rangi. Vikiwa 3, vinaondoka kwa mpigo mmoja. Vikiwa 6 ni mipigo miwili ya vitatu, 7 ni vitatu na vinne. Hatari iko kwenye 4 na 5: hivyo ni lazima viondoke vyote kwa pamoja. Ukitoa vitatu tu, kinachobaki hakina mwenzake na fumbo limekufa hapo hapo, hata kama ubao bado unaonekana umejaa.

Mfano. Mstari wa chini kabisa una bluu kwenye safu wima ya 1, 2 na 4. Safu ya 3 chini kuna nyekundu, na juu yake imekaa bluu ya nne. Mkono unawashwa kubadilisha ile nyekundu na bluu ya safu ya 4, kwa sababu ndiyo inayoonekana haraka. Matokeo: vinaondoka vitatu, bluu ya juu inadondoka chini na kubaki peke yake. Hatua sahihi ni kushusha bluu ya safu ya 3, zikae nne mfululizo.

Jambo jingine wengi hawaliangalii: mpigo wa wima unashusha safu moja tu, wa mlalo unashusha safu tatu kwa wakati mmoja. Ukitaka kutunza mpangilio wa pembeni, piga wima. Na kabla ya kila hatua angalia vya juu vitatua wapi, maana vinaweza kujipanga vitatu vyenyewe na kukuharibia ile 4 uliyoitunza.

fuvu_jekundu
Haliibi. Malalamiko hayo ni ya tangu lilipotoka na watengenezaji walishakanusha. Kinachotokea ni kwamba mchezaji anaangalia anachopata, haangalii anachomwachia mwenzake. Vito vyako vikiondoka, vya juu vinashuka, na mara nyingi ndivyo vinavyomtengenezea adui vinne. Ukicheza chini ya ubao unatikisa kila kilicho juu yake; ukicheza juu unatikisa kidogo. Kwa hiyo kama hakuna cha maana, cheza juu.

Mpangilio wangu wa kuchagua: vinne au vitano kwanza, kwa sababu ya zamu ya ziada. Halafu mafuvu, hasa lile jekundu la +5, linaloongeza pigo. Halafu kumziba adui rangi inayolisha uchawi wake mkali. Gusa orodha ya uchawi wake uone anahitaji mana gani, yaani nguvu ya rangi ipi ya kulipia uchawi. Sarafu na nyota za zambarau ni za mwisho, adui akiwa hoi.

Usilimbikize mana bila mpango. Ubao ukikosa hatua halali unafutwa, na mana ya wote wawili inaondoka nao. Ila kama yeye ndiye aliyejaza na wewe huna kitu, ubao ukikwama shukuru.

Pointi za levo usizitawanye. Ujuzi wa Battle unaongeza makali ya mafuvu; umahiri wa rangi unaongeza mana ya rangi hiyo na uwezekano wa kupata zamu nyingine ukiipanga. Chagua viwili, vitatu, uvishikilie.

kalamu_butu
Naongezea la DS yenyewe: vito ni vidogo, kalamu ikiteleza ukafanya hatua isiyopanga kitu, unakatwa uhai na zamu inapotea. Usiburute haraka. Gusa cha kwanza, hakikisha kimewaka, ndipo uguse jirani yake.

Halafu usikamate kila mtu. Bila mnara wa wachawi hutajifunza uchawi wake. Angalia kwanza uchawi wa adui huyo una faida gani kwa Knight, usije ukachora karatasi nzima kwa ajili ya kitu utakachokiacha kwenye orodha.

kobe_mzee
Nimehesabu. Kijani viko 5, na hatua ya kwanza siku zote ilikuwa kutoa vitatu vya kijani.

hesabu_kwanza
Hapo ndipo. Vitano si lazima viwe mstari mmoja: L ya vitatu kwa vitatu inayoshirikiana kona inatosha. Tafuta kona hiyo kwanza, vingine vyote vimngoje kijani.