Nimhurumieje mfanyakazi mmoja bila kuwaelemea wenzake?

Swali
Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninasimamia kitengo kidogo ambamo mfanyakazi mmoja, mtu hodari na mwaminifu, anamuuguza mzazi wake, na tangu hapo amekuwa akichelewa na kuacha kazi nusu. Nimemwachia nafasi bila kumwuliza mengi, lakini kazi zake humaliziwa na wenzake wawili, ambao sasa wameanza kunung'unika. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza
Pole kwa jukumu hilo. Anza naye mwenyewe, faraghani, na umweleze yote mawili: kwamba unatambua dhiki aliyo nayo, na kwamba kazi imezorota. Ukimya wako unaweza kuonekana kuwa upole, lakini yeye anaona wazi kwamba wengine wanamfanyia kazi zake, na huenda anaishi na hofu ya kufukuzwa ambayo maneno yako machache yangeiondoa. Usimdadisi kuhusu ugonjwa wa mzazi. Mwulize anaweza kufanya kazi zipi, na kwa saa zipi. Kisha mkubaliane nafuu yenye tarehe ya kukutana tena, tuseme baada ya wiki nne, kwa sababu nafuu isiyo na muda maalumu humwacha mtu akijiuliza kila asubuhi kama leo ndiyo itakatizwa. Mkumbushe pia likizo anazostahili, maana wengi walioelemewa hawakumbuki kuziomba.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila mimi nawafikiria zaidi wale wawili. Msimamizi asipoamua kazi ipunguzwe vipi, hubebwa na wale wasiojua kukataa. Kaa nao, wasikilize, kisha amueni pamoja ni kazi gani zinaweza kusubiri, na wewe ndiwe uende kwa wakubwa wako kuomba muda uongezwe. Huruma inayolipiwa na walio chini yako peke yao bado haijakamilika. Mambo ya nyumbani kwa mwenzao usiwaeleze bila idhini yake. Inatosha wajue kwamba majukumu yamepangwa upya.

Wala manung'uniko hayo yasikuudhi. Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipochunguza makosa ya utoaji wa dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alikuta kwamba vitengo vyenye uongozi mzuri ndivyo vilivyoripoti makosa mengi zaidi, kwa kuwa wauguzi wake hawakuogopa kusema. Ni heri manung'uniko yamekufikia mapema.

Mwulizaji
Asanteni sana. Je, akikataa kupunguziwa kazi kwa kuogopa kuonekana dhaifu?

Jibu la kwanza
Usimlazimishe, wala usimpokonye kazi anayoipenda, kwani huenda ndiyo inayompa nguvu. Mwache achague mwenyewe ya kuachia, hata ikiwa ni moja tu, lakini tarehe ya kukutana tena ibaki palepale.