Takwimu mwaka wa kwanza: tunatarajiwa kufanya nini, na msaada uko wapi?

mkulima_mtarajiwa (Nakuru)

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa kwanza, shahada ya kilimo, wiki ya tatu ya muhula. Yuniti inayoninyima usingizi ni Utangulizi wa Takwimu. Tuko zaidi ya 200 ukumbini, ukikaa nyuma ubao huuoni, na tulichopewa ni ukurasa mmoja tu: CAT (majaribio ya katikati ya muhula) mbili, zoezi la kikundi, mtihani. Hesabu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata C. Naomba kujua alama zinajumlishwaje hasa, kama mahudhurio yanahesabika kweli, na nikianza kuzama nimwendee nani kwanza. Kikokotoo pia, ninunue kipi?

mwalimu_wa_namba (Kisumu)

Karibu. Huo ukurasa mmoja usiupoteze, ndio mkataba kati yako na mhadhiri. Vyuo vingi nchini hutumia 30 kwa 70: CAT na mazoezi ni 30, mtihani wa mwisho ni 70, na kupita ni 40 kwa jumla. Zipo yuniti zenye vitendo vingi zinazogawa tofauti, kwa hiyo soma wako kabla ya kusikiliza stori za hosteli.

Sasa piga hesabu. Ukiingia mtihani na 24 kati ya 30, unahitaji 16 tu kati ya 70 ili upite, na 36 ili ufikishe 60 ya B. Ukiingia na 9, kupita kunakudai 31, na B inakudai 51 kati ya 70. Karatasi ni ileile, lakini mmoja anatembea na mwingine anapanda mlima. CAT ya kwanza huja kama wiki ya tano au ya sita, na wengi hawajafungua daftari wakati huo.

Kuhusu muda: saa tatu za darasani kwa wiki hazitoshi. Weka nyingine sita za kwako, na uzitumie kukokotoa kwa mkono. Takwimu haisomwi kwa macho kama historia.

Kikokotoo: cha kisayansi kisichoweza kuprogramiwa. Casio fx-82MS inatosha kabisa, cha bei kubwa hakikuongezei alama. Jambo la maana ni kukijua. Bonyeza MODE kisha 2 kuingia SD, yaani sehemu ya takwimu. Kabla ya kuingiza data mpya futa ya zamani: SHIFT, MODE, 1, kisha =. Wasiofuta hubaki na namba za swali lililopita ndani, wastani unatoka wa ajabu na hawajui kwa nini. Ingiza kila namba kisha M+. Mwisho SHIFT 2: chaguo la 1 ni wastani, la 2 ni mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zilivyotawanyika kutoka wastani) uliogawanywa kwa n, yaani idadi ya namba, la 3 ni uliogawanywa kwa n−1.

Hilo la 2 na la 3 ndilo linalomeza alama kila muhula. Jaribu 4, 7, 7, 10, 12. Wastani ni 8. Tofauti kutoka wastani ukizipiga kipeo cha pili na kujumlisha unapata 38. Kama hizo tano ni sampuli, mathalani mashina matano ya mahindi kutoka shamba zima, gawanya kwa 4: 9.5, na kipeuo chake ni 3.08. Kama ndizo data zote zilizopo, gawanya kwa 5: 7.6, na kipeuo chake ni 2.76. Swali likisema "sampuli" ukaandika 2.76, umekosa. Onyesha hatua pia, kwa sababu alama nyingi ziko kwenye njia. Jibu tupu kutoka kwenye kikokotoo hupata moja, au halipati kitu.

lurambi_juu (Kakamega)

Mwalimu ameongea vizuri, ila naongezea upande wa makaratasi, maana huko ndiko watu hulia mwaka wa nne.

Mahudhurio: ndiyo, yanahesabika. Vyuo huweka kiwango cha chini, mara nyingi theluthi mbili au asilimia 75 ya vipindi, na aliye chini yake anaweza kuzuiwa mtihani. Saini mwenyewe. Rafiki akikusainia na mhadhiri akahesabu vichwa, mnaingia kwenye kesi ya nidhamu wote wawili.

Sajili yuniti kwenye portali kabla dirisha halijafungwa, na uhifadhi picha ya ukurasa wa uthibitisho. Usipokuwa kwenye orodha ya yuniti, hata ukifanya CAT zote alama hazina pa kukaa. Karatasi za CAT zilizosahihishwa zitunze mpaka utakapopata transkripti. Siku ya mtihani andika namba ya usajili kikamilifu, pamoja na mikwaju na mwaka, na usitoke kabla ya kusaini fomu ya watahiniwa. Alama zikipotea, fomu hiyo ndiyo ushahidi kwamba ulikuwepo.

Matokeo yakitoka yakiwa na pengo, anza na mhadhiri, kisha mratibu wa mitihani wa idara, kisha mwenyekiti, na kila hatua iwe kwa maandishi. Fanya hivyo muhula huohuo. Wahadhiri wa muda huondoka, na kumsaka mtu aliyehamia chuo kingine baada ya miaka mitatu ni kazi ya kuchosha.

La mwisho, wengi huchanganya sapu (mtihani wa kurudia) na mtihani maalum. Sapu ni ya aliyeanguka: hata ukipata 75, kwa kawaida unaandikiwa 40 tu. Mtihani maalum ni wa aliyekosa kufanya kwa sababu inayokubalika, kama kulazwa au msiba wa mtu wa karibu, nao hubeba alama zako zote. Kwa hiyo ukiwa hoi kitandani asubuhi ya mtihani usijikokote uingie ukafeli. Nenda kliniki ya chuo, pata barua yenye tarehe na mhuri, ipeleke idarani mapema iwezekanavyo. Barua inayofika baada ya matokeo haimsaidii mtu.

mkulima_mtarajiwa

Asanteni sana. La kikundi sasa: tuko sita, wawili hawaonekani wala kujibu WhatsApp. Na portali inasema mwisho wa kutuma zoezi ni "Friday 12:00 AM". Hiyo ni Ijumaa usiku, sivyo?

kondele_mchana

Sivyo! Ni saa sita usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Ijumaa asubuhi ukiamka dirisha limeshafungwa. (Wazee wetu, ambao usiku kwao hutangulia mchana, wangeliita "usiku wa Ijumaa" na wasikosee.) Tuma Alhamisi kabla ya magharibi, stima zikipotea uwe bado na nafasi. Tuma kama PDF, kisha fungua faili uliyotuma uone ni yenyewe, si rasimu.

Kuhusu wale wawili: gawaneni kazi kwa maandishi kwenye kundi, jina na sehemu na tarehe. Ikipita tarehe, mwandikieni mhadhiri wakati zoezi bado liko wazi, mkiambatanisha picha ya mgawanyo huo. Ukurasa wa mwisho wa zoezi wekeni jedwali la nani alifanya nini. Kulalamika baada ya alama kutoka ni maneno dhidi ya maneno.

mwalimu_wa_namba

Nimesahau swali lako la nani wa kumwendea. Kwanza mwakilishi wa darasa, kwa sababu swali lenu likiwa la watu 40 mhadhiri atatenga kipindi cha mazoezi. Kisha mhadhiri mwenyewe, saa zake za ofisi. Usiende na "sielewi takwimu". Nenda na daftari, umwonyeshe mstari ulipokwama, naye ataona kosa kwa dakika mbili. Mitihani iliyopita iulizie maktaba. Mambo ya karo, chakula au msongo wa mawazo ni ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi na washauri nasaha, huduma yao hailipiwi. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kumbuka unaombwa upya kila mwaka, haujiendelezi wenyewe.

Na huo ubao usioonekana: ukikaa mbele na bado unaona ukungu, pimwa macho wiki hii. Kama ni tatizo la kudumu, idara iombwe mapema maandishi makubwa na muda wa ziada, si siku ya mtihani.