Mchoro wa neva 12 za kichwa unaozungushwa Kampala una makosa, uondolewe!

Bassebo ne bannyabo (mabwana na mabibi), huu uvumilivu umekwisha. Kuna mchoro unauzwa kwenye vibanda vya fotokopi, unarushwa WhatsApp, na sasa umebandikwa hadi kwenye kuta za maabara. Unaonyesha neva zote 12 zikichomoza upande wa mbele wa shina la ubongo (ubongo wa kati juu, daraja katikati, medula chini), zimejipanga kulia na kushoto kama miguu ya jongoo. Mwanafunzi anayejibu sawasawa anakatwa alama kwa sababu msahihishaji naye kaushika huo huo.

Neva ya 1 na ya 2 hazitoki kwenye shina kabisa. Ya kunusa iko chini ya ubongo mkubwa, ya kuona inaingilia juu ya shina, upande wa thalamasi. Zifuteni hapo.

Kosa baya zaidi ni la neva ya 4. Hii ndiyo neva pekee inayochomoza mgongoni mwa shina, chini tu ya vilima viwili vya chini vya ubongo wa kati. Kabla ya kutoka, nyuzi zake zinapishana, hivyo kiini (kundi la seli neva inapoanzia) cha kulia kinaendesha msuli wa jicho la kushoto. Kisha inazunguka ubongo wa kati kuja mbele, nyembamba kama uzi wa cherehani. Mchoraji aliyeangalia mbele peke yake kaikuta pembeni, akadhani imezaliwa pale pale.

Halafu ile kanuni ya 4-4-4: neva nne juu ya daraja, nne kwenye daraja, nne kwenye medula. Inafaa kukumbushia viini viko wapi, basi. Mchoro umeigeuza kuwa ramani ya kutokea, ukazipachika neva 5, 6, 7 na 8 zote kwenye tumbo la daraja. Iliyo pale ni ya 5 tu, pembeni katikati ya daraja, mzizi mnene wa hisia na mwembamba wa kutafunia. Ya 6, 7 na 8 ziko kwenye mfereji kati ya daraja na medula: ya 6 karibu na mstari wa kati, juu ya piramidi (tuta la mbele la medula), ya 7 na ya 8 pembeni kabisa, kwenye kona ya ubongo mdogo, ya 7 ikiwa upande wa ndani. Kwenye medula, tazama zeituni, kile kivimbe cha umbo la yai kando ya piramidi: mbele yake, kati yake na piramidi, ni ya 12, nyuma yake ni ya 9 na ya 10. Ya 11 inayoinua bega inaanzia kwenye ugwe mgongo wa shingoni, inapanda kuingia fuvuni kwa tundu kubwa la chini ya fuvu, kisha inatoka tena pamoja na ya 9 na ya 10.

Msiseme ni mambo ya mtihani tu. Majeruhi wa boda boda analetwa kaumia kichwani, mboni moja imepanuka na haisinyai kwa tochi. Neva ya 3 inachomoza kwenye bonde la mbele la ubongo wa kati, ikipita katikati ya ateri mbili, na nyuzi za mboni zimekaa juu juu, kwenye uso wa neva. Ubongo ukisukumwa chini na damu, hizo ndizo zinabanwa mwanzo. Aliyekariri jongoo ataanza kutafuta ugonjwa wa jicho huku dakika zinakwisha.

Na sampuli zenyewe zinaharibiwa. Ubongo unang'olewa kwa kuvutwa badala ya kila neva kukatwa kwa kisu karibu na mfupa. Ya 4 inakwenda na hema la ubongo mdogo, yaani utando mgumu unaoufunika kwa juu. Kisha utando mwembamba unaofunika ubongo unabanduliwa kwa pupa, vijizizi vya 9, 10 na 12 vinatoka nao. Utando uchambuliwe kwa koleo lenye ncha, kidogo kidogo, ubongo ukiwa umekaa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10 kwa wiki 2 au zaidi, umening'inizwa kwa uzi uliopitishwa chini ya ateri ya besila, mshipa wa damu unaopita mbele ya daraja. Ukiulaza kwenye kitako cha ndoo, shina linabapa.

Wanaosimamia maabara: mchoro huo utoke ukutani wiki hii, wekeni wenye pande mbili, mbele na nyuma. Na waliokatwa alama kwa neva ya 4 karatasi zao zisahihishwe upya.